Mwanamke Nisiyeweza Kumtaja kwenye Fomu ya Chuo

Nasema mwenyewe kabla hamjaipata kwa Athumani, maana Athumani akiisimulia huongeza mbuzi, na mbuzi hakuwepo. Aibu iliyokuwepo inatosha. Mimi Damasi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, mwajiriwa wa chuo kikuu (karani tu, lakini barua ya ajira imeandikwa chuo kikuu, na si mimi niliyeiandika), nilitoka bwaloni kwa kupitia dirishani mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, saa nne asubuhi, nikiwa na suruali niliyoipiga pasi kwa ajili ya mkutano huo huo, na kosa lililonifikisha dirishani lilikuwa ni kujaza fomu kwa ukweli.

Kwanza mnielewe kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitoka kazini hupitia hapa na pale, mimi nikitoka nafika Mafiga, navua viatu, nakaa kwenye kigoda changu mlangoni, nauliza kuna nini cha kula, na siku yangu imekwisha. Sitafuti mambo. Pelagia, mke wangu, huwaambia majirani kwamba alidhani ameolewa na mwanamume kumbe ameolewa na samani, nami sijawahi kumjibu kwa sababu huwa nimekaa vizuri.

Kazi yangu miaka ile (miaka ambayo kila mtu alikuwa Ndugu, hata aliyekuwa anakufukuza kazi) ilikuwa kupokea vyakula vya jiko la wanafunzi. Unga, maharage, chumvi, na kila Jumanne na Ijumaa, mboga. Mboga zililetwa na akina mama wanane wa kijiji kimoja cha huko juu mlimani, walioshuka tangu alfajiri kwa kijinjia kile chenye utelezi, mstari mmoja, kila mmoja na tenga lake kichwani, kabichi, karoti, njegere, figili za wale wahadhiri waliosoma nje wakarudi wanakula figili. Wakifika nyuma ya bwalo wanatua, Athumani mbeba mizigo anapima, mimi naandika kwenye kitabu cha mapokezi: jina la mwenye tenga, kitu alicholeta, uzito, halafu natia sahihi. Kazi nyepesi kabisa, mtoto angeifanya.

Tatizo ni kwamba mmoja wa wale wanane, kiongozi wao, yule aliyekuwa anatembea nyuma ya mstari ili asiachwe mtu njiani, ndiye aliyemzaa Pelagia.

Sasa, kwetu Mpwapwa mkwe hatazamwi usoni. Hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, ukikutana naye njiani unaingia kwenye majani mpaka apite, na jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako porini na umeumwa na nyoka. Na huko mlimani kwa akina Pelagia nako wana taratibu zao zinazofanana na hizo, kwa hiyo mimi nilizibeba za pande zote mbili, ili asiwepo wa kulalamika. Basi nilikuwa nafanya hivi: nikiona tu kile kichwa cha mstari kinatokea kwenye mikaratusi, naingia stoo ya ndani kuhesabu magunia ya chumvi. Athumani anabaki nje na mizani, anapaza sauti, "Kabichi, kilo ishirini na mbili, Mama fulani!" nami nyuma ya mlango naandika kwa kusikia. Lile tenga la mwisho Athumani alikuwa anasema tu, "Na la nane!" kwa kunihurumia, nami naandika hivyo hivyo. Wakiondoka, natoka, natia sahihi. Miaka miwili tulikwenda hivyo na hakuna aliyeumia, au ndivyo nilivyodhani. Magunia ya chumvi yalikuwa manne. Niliyahesabu mara nyingi sana.

Ndipo akaja Afisa Utawala mpya, Ndugu Kabelwa. Kijana mwembamba, suti ya Kaunda iliyonyooka kama bati, amerudi kutoka masomoni nje, kapera (mkumbuke hilo, kapera), na ana kiu ya kunyoosha mambo. Ulikuwa ni wakati wa miiko ya uongozi, viongozi wakiulizwa nani ana nyumba ya kupangisha na nani ana mishahara miwili, na Ndugu Kabelwa akaona vema kwamba hata sisi wadogo tujitangaze. Ikaja fomu. Karatasi mbili zilizochapwa kwa stensili, wino bado unapaka vidole, juu imeandikwa TAMKO LA MFANYAKAZI, chini imeandikwa kwamba atakayeficha ataondolewa.

Nikaipeleka nyumbani. Nikakaa kwenye kigoda. Sehemu ya mali nilimaliza upesi: baiskeli moja, haina breki, kuku, idadi hubadilika. Ikaja sehemu ya pili. Je, una uhusiano na mtu yeyote anayekiuzia chuo bidhaa? Taja jina lake kamili. Majina ya aina ya "Mama Fulani" hayatakubaliwa. Eleza aina ya uhusiano. Eleza mnavyokutana. Taja zawadi yoyote aliyowahi kukupa.

Pelagia alikuwa anachambua mchele. Akaniona kalamu imesimama.

"Lete nikuandikie," akasema. "Jina la mama mimi nalitaja tu, ni mama yangu."

"Hii ni karatasi rasmi, Pelagia. Inajazwa na mwenyewe."

"Basi andika 'mkwe' ulale."

Hapo ndipo ilipoamuliwa siku yangu yote ya mkutano, hapo kwenye kigoda, kabla ya ugali. Ningeandika neno hilo moja nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Lakini mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa (mara mbili), na nikaona kwamba kuandika tu "mkwe", wazi namna ile, kwenye karatasi ya stensili itakayokaa faili moja na orodha ya kuku, ni kumkosea adabu mama wa watu. Nikajiambia, huyu anayeisoma ni mtu mzima, Mtanzania, ataelewa mwenyewe. Nikaandika kwa staha. Nawapa nilivyoandika neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilisomewa hadharani:

*Jina: Halitajiki. Aina ya uhusiano: Ni uhusiano mzito ambao watu wazima wote wanauelewa. Mnavyokutana: Hatukutani. Kila nionapo anakuja na tenga lake moyo hunidunda, nami hujificha stoo mpaka atakapoondoka. Jina lake halijapata kupita kinywani mwangu wala kwenye ncha ya kalamu yangu, wala halitapita. Zawadi: Amenipa zawadi moja kubwa kuliko zote, ambayo ninaishi nayo nyumbani kwangu Mafiga.*

Nikaisoma upya. Nikaona imekaa vizuri. Nikala.

Haikupita wiki. Ijumaa asubuhi nafika kazini nakuta Athumani amekaa juu ya mizani, amepakata mikono.

"Hakuna kupima leo," akasema. "Amri ya Afisa Utawala. Mboga za akina mama hazipokelewi mpaka ijulikane nani ni nani. Kuna mkutano bwaloni saa nne, wafanyakazi wote. Damasi, umefanya nini?"

"Nimejaza fomu."

"Mimi pia nimejaza fomu, mbona mimi sina mkutano?"

Nikachungulia. Matenga manane yalikuwa yamepangwa nje ya ukuta wa bwalo, chini ya madirisha, na akina mama wamekaa pembeni kwenye majani wamejifunika khanga, jua linawatambalia polepole. (Sikutazama sana, nilitazama kiasi cha kuhesabu.) Nikawasikia wanaulizana kama ni kweli chuo kimewachoka. Kwa sababu kama chuo hakichukui, hakuna mwingine mjini pale wa kuchukua matenga manane kwa mkupuo. Sokoni kila mtu ana kabichi, na kabichi iliyokatwa jana haisubiri kesho. Ingebidi waitwike tena, wapande nayo mlima, wakawaambie wenzao kijijini kwamba basi. Na hayo yote kwa kalamu yangu.

Saa nne bwalo likajaa. Wapishi, wafagiaji, madereva, wachunga ng'ombe wa shamba la chuo na mabuti yao, makarani, hata wahadhiri wawili waliosema wamepita tu. Nikawekwa mbele, upande wa madirishani, kwenye kiti cha peke yake. Ndugu Kabelwa akasimama.

"Ndugu wafanyakazi, chuo hiki ni mali ya umma. Mtu anayepokea bidhaa za umma hawezi kuwa na siri na anayeziuza. Nina hapa tamko la mwenzetu. Nalisoma kwa uwazi, kwa faida ya wote."

Akalisoma. Alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme, alitua penye kutua. Alipofika kwenye "moyo hunidunda", mwanamke mmoja wa ufuaji akasema "Eeh!" kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi. Alipofika kwenye stoo, bwalo zima likageuka kuniangalia. Alipofika kwenye zawadi ninayoishi nayo Mafiga wakaanza kubahatisha.

"Redio hiyo!"

"Kitanda! Damasi amepewa kitanda!"

"Na mkewe analala humo humo, maskini."

Mama Sauda, mpishi mkuu, mama wa pwani mwenye mwili wake na neno lake, akajishika kiuno. "Damasi? Huyu Damasi wa 'naomba niwahi nyumbani'? Kumbe nyumbani ndiko kwenye mambo!"

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Afisa, si mnavyodhani. Ni mambo ya heshima." Wakacheka mpaka wachunga ng'ombe wakapiga mabuti chini.

"Basi mtaje," akasema Ndugu Kabelwa. "Sasa hivi. Ukimtaja, tutajua tatizo ni tenga lipi, mengine saba yapimwe. Usipomtaja, yote manane yanarudi yalikotoka, na chuo kitatafuta mboga kwingine. Sitaki kufanya hivyo, lakini nitafanya."

Sasa nifikirieni mimi pale. Neno lilikuwa dogo. "Ni mkwe wangu." Maneno matatu, mtoto wa darasa la kwanza anayasema. Lakini kwanza nilikuwa nimeshachekwa, na mtu akichekwa ulimi unavimba. Na pili, madirisha yale ni mapana, yako wazi, hayana nondo, na mwenyewe alikuwa amekaa hatua tano nje ya ukuta. Nikimtaja kwa namna yoyote ile, ananisikia ninamzungumzia hadharani mbele ya wachunga ng'ombe. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Mnaona?" Ndugu Kabelwa akawaambia watu. Halafu akatoa amri ambayo nadhani hata leo anajivunia. "Waiteni akina mama wote waingie. Kama kinywa kinakataa, ataonyesha kwa kidole."

Kwa kidole! Mkwe wangu!

Mlango wa bwalo ulikuwa mmoja, mbali kule nyuma. Wakaanza kuingia, mstari ule ule wa kijinjia, wamezoea. Wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa nawahesabu kama magunia ya chumvi. Wa tano. Wa saba. Nikaona ncha ya khanga ya kijani inakunja kona ya mlango, na hapo, jamani, sikuamua chochote. Miguu iliamua. Mara niko juu ya kiti, mara niko juu ya ukingo wa dirisha, nasikia Mama Sauda anasema "We! We! We!" kisha niko hewani, kisha nimekaa.

Nilikaa kwenye kitu kigumu kilichokubali taratibu. Nikasikia *kwatu*. Nikatazama chini. Nilikuwa nimekaa ndani ya tenga la kabichi, miguu juu, nimeenea vizuri kabisa kama vile lilisukwa kwa kipimo changu. Lilikuwa la mwisho kwenye mstari. Sina haja ya kuwaambia lilikuwa la nani.

Ndani kulikuwa na kelele kwa muda. Kisha sauti ya Ndugu Kabelwa ikasema, "Ndugu wafanyakazi, mtu mwenye moyo safi hapiti dirishani. Andika hapo, karani, kwamba amekimbia."

"Hajakimbia," ikasema sauti nyingine, nami nikashtuka kuliko nilivyoshtuka hewani, maana ilikuwa ya Pelagia. (Mama yake, alipoona hawapimwi, alikuwa amemtuma mwenzake mmoja Mafiga kumwuliza bintiye mumewe amepatwa na nini, na Pelagia akaja na mtoto mgongoni, akaingia pamoja na wale akina mama.) "Yuko hapo nje, amekaa. Huyu akikaa haondoki upesi. Ndugu Afisa, shikamoo ya kazi. Naomba kukuuliza, umeoa?"

"Hilo halihusiani na mkutano."

"Linahusiana. Huyu mama mwenye khanga ya kijani ni mama yangu mzazi. Na yule wa dirishani ni mume wangu."

Nikasikia viti vinageuzwa kuelekea dirishani.

"Mkwe!" Mama Sauda akapiga ukelele. "Jamani, ni mkwe wake! Toba! Tumemcheka mtu kwa mkwe wake!"

"Na hiyo zawadi kubwa kuliko zote?" akauliza Ndugu Kabelwa, sauti imepungua kidogo.

"Ni mimi," akasema Pelagia. "Ingawa hajawahi kuniambia hivyo ana kwa ana. Nimelisikia kwako."

Mngedhani hapo yamekwisha. Mimi nilidhani. Nilianza hata kujiandaa kutoka kwenye tenga. Lakini Ndugu Kabelwa, kapera au si kapera, hakuwa mjinga, na nikamsikia anageuza karatasi.

"Sawa. Mkwe si kosa. Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti ambayo kwa miaka saba ya ndoa nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu.

"Nisamehe kwa usumbufu. Lakini nina swali kwa Ndugu Damasi. Umeandika kwamba kila akija unajificha stoo mpaka aondoke. Na wao huja wote wanane pamoja. Je, kwa miaka miwili, mizigo hii uliyotia sahihi, umewahi kuuona hata mmoja?"

Pelagia akaja dirishani akainama. Mtoto mgongoni naye akaniangalia, akacheka. Alikuwa wa mwisho ambaye hakuwa amenicheka.

"Anauliza umewahi kuona mzigo hata mmoja."

"Nimesikia," nikasema.

"Anasema amesikia," Pelagia akawaambia.

"Ajibu."

"Mwambie nilikuwa nasikia uzito vizuri sana."

"Anasema hajaona hata mmoja," Pelagia akawaambia.

Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Niliingia mtuhumiwa wa hawara, nikatoka mtu safi asiye na hawara, na katika kusafishwa kule ikabainika kwamba chuo kikuu kilikuwa na mpokea mboga ambaye hajawahi kuona mboga. Athumani akaitwa aeleze. Akasema yeye hupima kwa haki, Mungu anamwona, na kwa kuwa mimi simwoni, ilibidi awe Mungu peke yake. Akaagizwa alete kitabu cha mapokezi.

Hapo mama akaomba kusema. Sikumwona, nawaambia nilivyosikia. Alizungumza taratibu, kwa ile sauti ya mlimani inayopanda mwisho wa sentensi kama mtu anayepanda na mzigo.

"Mwambieni huyo aliye nje," akasema, "kwamba mimi kujificha kwake sioni ubaya wake. Ni adabu, na mimi mwenyewe nimekuwa nikipinda njia ya jikoni ili nisimwone. Lakini mimi sijui kusoma. Wenzangu wanasema kila siku kwamba majina yao yako katika kitabu cha chuo, na wajukuu wao watakuja kusoma hapa wayakute. Naomba nisomewe. Mimi katika kitabu hicho naitwa nani?"

Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Athumani akasoma majina saba ya ukurasa mmoja.

"Na mimi?"

"Mama… hapa imeandikwa 'Tenga la nane'."

"Na ukurasa wa nyuma?"

"Tenga la nane."

"Na wa mwanzo kabisa?"

Hakuna aliyecheka. Kwa siku ile nzima, hapo ndipo mahali ambapo ningewashukuru kama wangecheka. Nilikuwa nimemheshimu mama wa watu kwa bidii kubwa hata nikamfuta. Ndiye aliyewakusanya wale wenzake saba, ndiye aliyewashawishi washuke na mboga mpaka chuoni, ndiye anayetembea nyuma ya mstari mvua na jua, na kwenye kitabu alikuwa kikapu.

Pelagia akainama tena dirishani. Safari hii hakuwa na utani.

"Damasi. Ni kweli?"

"Ningeandika nini, Pelagia?"

"Ungetafuta mtu wa kuandika," akasema. "Nilikuwepo. Nilikwambia lete."

Ndugu Kabelwa akakata shauri palepale, na kwa haki nasema alikata vizuri kuliko nilivyostahili. Akasema kutangaza uhusiano si kosa, ndiyo sababu ya fomu. Kosa ni kutangaza kisha ukabaki na kitabu mkononi kana kwamba hukusema kitu. Mimi mboga basi, nihamie stoo ya vyakula vya mifugo, ambako hakuna ndugu yangu anayeuza pumba (akauliza, "Au yupo?" nikamjibu kupitia kwa Pelagia kwamba hayupo). Kitabu cha mboga akabidhiwe Mama Sauda, Athumani aendelee na mizani, na matenga yapimwe sasa hivi, yote, kabla jua halijayamaliza. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikasikia miguu inaelekea mlangoni, nikaelewa kwamba wanakuja huku nilipo.

Sitaki kueleza nilivyotoka kwenye lile tenga. Athumani ndiye huweka mbuzi sehemu hiyo. Nasema tu kwamba tenga lilikuwa limenibana, kwamba nilikwenda nalo hatua kadhaa, na kwamba nilipofika nyuma ya tangi la maji ndipo lilipoachia. Nikabaki hapo, uso kwenye zege, jani la kabichi shingoni. Kabichi mbili zilikataliwa kwa sababu, kama alivyosema Mama Sauda kwa sauti ya kusikika shamba zima, "zimekaliwa." Zilibebwa Mafiga, tukazila siku tatu. Pelagia alizipika bila kusema neno, na kila akinipakulia alinitazama nilivyokaa.

Tangu hapo nimejiapia. Karatasi yoyote inayouliza habari za watu na uhusiano wao, siijazi peke yangu, siijazi kwa staha, na siijazi kabla ya kula. Namkabidhi Pelagia, yeye huandika neno moja penye nafasi ya neno moja, nami natia sahihi, baada ya kusoma. Na kama kuna kijana anayenisikia ambaye amepewa kazi ya kumpimia ndugu yake chochote, hata kama ni figili, namwambia aseme mapema, kwa neno la kawaida, halafu aondoke pale kwenye mizani kwa miguu yake, kupitia mlangoni.

Nilikuwa bado nyuma ya tangi walipomaliza matenga saba. Nikasikia Mama Sauda analamba kalamu, anasema, "Sasa, mama, jina lako. Lote." Nilikuwa na nafasi ya kuziba masikio, nakiri, mikono yote miwili ilikuwa huru. Sikuziba. Mama akalitaja mwenyewe, polepole, la ubatizo, kisha la baba yake, kisha la ukoo wa mama yake, akangoja kila moja liandikwe, kisha akaomba asomewe, akasomewa, akaomba tena.

Ni jina zuri sana. Siwatajii.